Goti la Bandia: Linavyolika na Linavyotunzwa

Goti la bandia hulika palepale linapofanyia kazi, yaani pale chuma cha juu kinapoteleza juu ya plastiki ya chini. Sehemu ya juu, inayovikwa kwenye ncha ya mfupa wa paja, kwa kawaida ni aloi ya kobalti na kromi iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Sehemu ya chini ni sahani ya chuma, mara nyingi titani, iliyogandishwa kwa saruji ya mifupa juu ya mfupa wa muundi. Katikati hukaa kipande cheupe cha polithilini, plastiki yenye minyororo mirefu mno ya molekuli, ambacho huchukua nafasi ya gegedu lililosagika. Pia ya goti nayo mara nyingi huwekewa kitufe cha plastiki hiyohiyo. Vyuma vyenyewe hulika kidogo sana. Inayoliwa ni plastiki, na sehemu kubwa ya kazi ya wahandisi wa magoti kwa zaidi ya nusu karne imekuwa kuikinga.

Kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe jambo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni ya mzee ambaye miaka ya jembe, ya kuinama chini ya mikorosho na ya kupanda na kushuka vilima vya Pugu imemmalizia gegedu, na watu wakamwambia mafuta ya goti yameisha. Ya pili ni ya kijana aliyevunjika goti kwa ajali ya pikipiki kwenye Barabara ya Morogoro, mfupa ukaunga ukiwa umepinda, na miaka michache baadaye goti likaanza kusagika kama la babu yake. Wote wawili huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, au hospitali ya wilaya pale Kisarawe. Wakielekezwa kwenye upandikizaji, safari huwa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, au ya Muhimbili Mloganzila, ambayo kwa mtu anayetoka Kibaha ndiyo iliyo jirani zaidi. Hata hivyo mahitaji yao hayafanani. Mzee wa miaka 72 anahitaji goti litakalomtosha kwa umri uliobaki. Kijana wa miaka 38 anahitaji plastiki itakayostahimili miongo minne ya hatua, na goti la aina hiyo bado halijathibitishwa popote duniani. Ndiyo maana daktari makini humcheleweshea kijana upasuaji huu kwa mazoezi, dawa, kupunguza uzito au kunyoosha mfupa uliopinda, na kijana hana sababu ya kuhisi ananyimwa haki yake.

Plastiki inapolika haiishi kama soli ya kiatu mpaka chuma kigusane na chuma. Hilo hutokea mara chache. Madhara hutoka kwenye vumbi lake. Chembe zinazobanduka nyingi zina ukubwa wa mikroni moja au chini ya hapo, na kila hatua huzimwaga kwa maelfu ndani ya ute wa kiungo. Seli walinzi za mwili huzimeza zikidhani ni vijidudu, zikashindwa kuzimeng'enya, kisha zikatoa kemikali zinazoamsha seli za kubomoa mfupa. Mfupa unaoshikilia chuma huanza kuliwa kwa ndani, na kazi hiyo inaweza kuendelea miaka mingi bila maumivu yoyote. Mgonjwa anapoanza kuhisi goti linacheza, pengo kwenye mfupa huwa limeshakuwa kubwa.

Kulika kwenyewe kuko kwa namna mbili, na kila moja ina dawa yake. Namna ya kwanza ni mkwaruzo mwembamba wa uso. Goti likiteleza mbele na nyuma tu, minyororo ya plastiki hulala kuelekea upande wa mwendo na kuzidi kuwa imara. Kasoro ni kwamba goti la binadamu pia hujizungusha kila hatua. Mwendo unapokatiza minyororo iliyokwisha kulala, huing'oa. Namna ya pili ni uchovu. Uzito ukitua kwenye eneo dogo mara milioni kadhaa, nyufa huzaliwa milimita moja au mbili chini ya uso, zikaungana, na ganda zima la plastiki likabanduka. Nyonga ya bandia husumbuliwa zaidi na namna ya kwanza. Magoti ya miaka ya 1980 yaliangamizwa zaidi na ya pili, na mhandisi anayekazania kuzuia moja anaweza kuikaribisha nyingine bila kujua.

Historia ya plastiki hii inaonyesha jinsi makosa yalivyofundisha. John Charnley, daktari wa Uingereza aliyebuni nyonga ya bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington, alianza na Teflon, plastiki inayoteleza kuliko zote. Ililika ndani ya miaka michache na wagonjwa wake wakalazimika kurudi mezani. Mwaka 1962 aligeukia polithilini ya minyororo mirefu, ambayo haitelezi sana kama Teflon lakini inastahimili msuguano mara nyingi zaidi. Hospitalini hapohapo Frank Gunston, Mkanada, akaitumia kwenye goti mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la New York likatoa muundo wa kuvika vifundo vyote viwili vya ncha ya chini ya mfupa wa paja kwa kipande kimoja cha chuma, na magoti mengi ya leo ni wajukuu wa muundo huo.

Kilichokuja kuiharibu plastiki nzuri kilikuwa kitu kilichokusudiwa kuisafisha. Kwa miaka mingi vipande viliuawa vijidudu kwa mionzi ya gama vikiwa ndani ya mfuko wenye hewa. Mionzi hukata minyororo ya molekuli, na ncha zilizokatwa hunasa oksijeni. Kipande kikikaa stoo miaka mitano kabla ya kutumika, hugeuka kigumu na chenye kuvunjika upesi, hasa kwenye tabaka lililo chini kidogo ya uso, palepale nyufa za uchovu zinapozaliwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 viwanda vilihamia kwenye mifuko isiyo na oksijeni au kwenye njia za kuua vijidudu zisizotumia mionzi, na ule ubandukaji wa maganda ukapungua sana.

Somo hilo halijazeeka. Februari 2022 kampuni ya Exactech ya Florida, Marekani, ilitangaza kuondoa sokoni vipande vyake vya plastiki vya goti baada ya kugundua kwamba tangu 2004 vingi vilikuwa vimefungashwa kwenye mifuko iliyokosa tabaka moja la kuzuia oksijeni. Muundo wa goti ulikuwa uleule na madaktari walewale. Mfuko ndio uliokosea. Kwa nchi ambayo vifaa vyake vya upandikizaji husafiri baharini na kukaa ghalani katika joto la pwani, swali la tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kwisha muda na uzima wa kifungashio lina uzito kuliko majina ya kupendeza yaliyochapwa kwenye boksi. Kifaa kilichopita muda wake hakikubaliki hata kikitolewa bure kama msaada.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugeuza mionzi kuwa rafiki. Plastiki ikipigwa mionzi mingi zaidi kwa makusudi, kilogrei 50 hadi 100 badala ya zile 25 hadi 40 za kuua vijidudu, minyororo yake hufungamana kama wavu. Kisha huyeyushwa au kupashwa moto ili ncha huru ziishe, au huchanganywa na vitamini E inayozinyima ncha hizo nafasi ya kunasa oksijeni. Kwenye nyonga mafanikio yamekuwa makubwa bila ubishi. Kwenye goti yamekuwa ya wastani na yanatofautiana kati ya aina na aina, kwa sababu plastiki iliyofungamana sana hupungua ushupavu: mkwaruzo hauiwezi, lakini ufa ukishaanza hukimbia kwa urahisi zaidi. Kwa mgonjwa mwenye umri mkubwa hakuna haja ya kukopa fedha ili apate plastiki hii. Kwa kijana mwenye miaka mingi ya kutembea ni busara kuiomba ikiwa ipo, mradi kipande chenyewe kisiwe chembamba.

Unene ndio unaofungua mlango wa suala la umbo, na hapa ndipo ubunifu wa goti unapokuwa mgumu kweli. Katika kutembea kwa kawaida goti hubeba mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Vipimo vilivyochukuliwa Berlin kwa magoti yenye vihisio ndani yake vilionyesha kwamba kushuka ngazi hufikisha karibu mara tatu na nusu. Mzigo huo ukitua kwenye eneo pana, plastiki huuhimili. Ukitua kwenye nukta, hulemewa, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyotoboa ardhi iliyolowa ambayo ndala hupita juu yake bila alama. Katika miaka ya 1980 wabunifu wengi walitengeneza plastiki iliyo bapa kabisa ili goti lijisikie huru kuzunguka. Chuma chenye mviringo juu ya plastiki bapa hugusana kwa eneo dogo mno. Kipande kikiwa chembamba, chenye milimita nne au tano juu ya sahani ngumu ya chuma, kiliraruka ndani ya miaka michache. Tangu wakati huo kanuni inayoheshimiwa ni kwamba plastiki ya goti zima isipungue milimita 8 hivi pale ilipo nyembamba zaidi, na iwe na bonde linalopokea mviringo wa chuma.

Lakini bonde lina bei yake. Likiwa la kina sana, kano na misuli ikitaka kuzungusha goti, mzunguko hukataliwa na nguvu yake huhamia kwenye saruji na mfupa, na sahani hulegea. Likiwa bapa, plastiki huumia. Kila goti lililoko sokoni ni maafikiano kati ya hayo mawili. Wapo walioamua kuiacha plastiki yenyewe izunguke juu ya sahani iliyosuguliwa, ili juu kuwe na bonde linalokumbatia na chini kuwe na uhuru. Wazo hilo ni zuri kwenye karatasi, ila kwenye takwimu za miaka mingi halijawashinda wenzake wa kawaida katika goti zima, na likiwekwa bila kano kusawazishwa vizuri plastiki inaweza kuchomoka. Limefanikiwa zaidi katika goti nusu, lile linalobadilisha upande mmoja tu uliosagika. Aina ya Oxford, iliyoanza kutumika miaka ya 1970, ina plastiki inayokumbatia chuma katika kila pembe, na hulika sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka, kati ya 0.02 na 0.03, ingawa kipande chake kinaweza kuwa na unene wa milimita 3 au 4 tu. Kwa hiyo eneo la mgusano ni kinga kubwa kuliko unene, na unene ni bima ya pale eneo linapokosekana.

Sasa lije suala ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka, lakini Pwani ndilo kubwa kuliko yote: kukunja goti mpaka mwisho. Kutembea kunahitaji goti likunjwe nyuzi 65 hivi. Ngazi hutaka karibu 90, kuinuka kwenye kiti kifupi zaidi ya 100. Kuchutama hutaka 130 na kuendelea. Magoti mengi ya bandia hukunjika hadi 110 au 120 na kuishia hapo. Mtu wa kijijini Kisarawe huchutama chooni, hukaa mkekani kula, hukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, hupiga magoti kupalilia muhogo na, akiwa Mwislamu, husujudu mara nyingi kila siku. Ni kawaida kabisa kwake kutaka goti litakalomruhusu hayo yote, na wauzaji wanalijua hilo. Yapo magoti yanayotangazwa kuwa ya kukunjika sana.

Kinachotokea ndani wakati wa mkunjo mkali kinastahili kueleweka. Nyuma ya chuma cha paja mviringo ni mdogo kuliko mbele, hivyo eneo la mgusano hupungua wakati uleule mzigo unapoongezeka. Chuma husukumwa kwenye ukingo wa nyuma wa plastiki, mahali ambapo ni rahisi kupondeka. Katika magoti yenye nguzo ya plastiki katikati, ambayo huchukua kazi ya kano ya nyuma iliyoondolewa, nguzo hiyo hubanwa na kuwa mahali pengine pa kulika, na mara chache huvunjika. Wabunifu wa magoti ya kukunjika sana huongeza chuma upande wa nyuma ili mgusano usipotee, na kwa ajili hiyo daktari hukata mfupa zaidi kidogo. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba wagonjwa hukunja goti kwa tofauti kubwa, na kutoka Korea ziliwahi kuripotiwa kesi za chuma cha paja kulegea kwa wagonjwa waliochutama na kupiga magoti. Mara nyingi kiwango cha kukunja baada ya upasuaji hufuata kiwango kilichokuwepo kabla yake.

Kwa hiyo ushauri kwa familia ya Kibaha au Kisarawe ni kubadili nyumba kabla ya kuhangaikia aina ya goti. Choo cha kukaa, au kiti cha mbao au chuma chenye tundu kinachowekwa juu ya tundu la choo cha kuchutama, kijengwe kabla ya siku ya upasuaji, kiwe na urefu wa kutosha ili goti lisikunjwe kupita pembe mraba, na pembeni pawe na mhimili wa kushika. Fundi seremala wa Mlandizi au wa Maneromango anaweza kuitengeneza kazi hiyo kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya goti. Mbuzi ya nazi ibadilishwe kwa ile ya kufungwa mezani, au kazi hiyo apewe mwingine. Kigoda kipishe kiti chenye mikono, na jiko liinuliwe. Sala ya kukaa kwenye kiti inaruhusiwa kwa mwenye udhuru, na shehe au imamu wa msikiti wa karibu akiulizwa mapema atamtoa mgonjwa wasiwasi ambao daktari hawezi kumtoa.

Maji nayo yahesabiwe. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zaidi, na kwa kuwa goti hubeba mara mbili na nusu ya uzito, kila hatua huongezewa kwa makadirio kilo 50 ndani ya kiungo. Toroli au mjukuu mwenye nguvu ni sehemu ya matibabu. Katika kushuka mlima, njia ndefu yenye mteremko mdogo ni bora kuliko mkato, na fimbo ishikwe kwa mkono wa upande usio na goti la bandia. Kutembea kwenye njia tambarare hakukatazwi. Mfupa na misuli huhitaji kutembea. Kukimbia, kuruka na kubeba magunia ndiko kuachwe. Kilimo cha palizi ya kusimama kwa jembe la mpini mrefu kinawezekana kwa wengi baada ya miezi ya kupona, ila si kile cha kupiga magoti siku nzima.

Upande wa pili wa plastiki, ule unaolalia sahani, ulisahaulika kwa muda mrefu. Kipande kinachopachikwa kwenye sahani hakitulii kabisa. Hutikisika kidogo sana kila hatua, na ikiwa sahani haikusuguliwa au kufuli lake ni legevu, mtikisiko huo husaga plastiki kwa chini kimyakimya. Wabunifu walijibu kwa kufuli lililokaza zaidi na sahani iliyong'arishwa. Lipo pia jibu la kale lililo rahisi zaidi: kuondoa sahani ya chuma na kutengeneza sehemu yote ya chini kwa plastiki, iliyosimikwa moja kwa moja kwenye saruji. Goti la namna hii halina upande wa chini wa kusagika, plastiki yake ni nene kwa kuwa nafasi haikuliwa na chuma, na bei yake ni ndogo. Tafiti zilizolinganisha hizo mbili kwa wagonjwa wenye umri mkubwa zimekuta zinadumu sawa. Kasoro yake ni kwamba daktari hawezi kubadilisha unene baada ya kusimika, wala kubadilisha plastiki peke yake siku za mbele. Kwa mzee mwembamba wa Kisarawe hilo si hasara kubwa, na inashangaza kidogo kwamba katika nchi zenye bajeti finyu chaguo hili halizungumzwi inavyostahili.

Uso wa chuma una sheria yake fupi: uwe laini na ubaki laini. Viwango vya kimataifa havitaki ukwaru uzidi mikroni 0.1. Mkwaruzo mmoja wa kisu au wa chembe ya saruji hugeuza chuma kuwa tupa. Titani, iliyo nzuri kwa kushikana na mfupa, ni laini mno kuwa uso wa kuteleza, na iliyojaribiwa hivyo ilichubuka. Zirkoni iliyooksidishwa juu, yenye ngozi nyeusi ya kauri, haikwaruziki kirahisi na humfaa mwenye mzio wa nikeli, kwani aloi ya kobalti huwa na chembe za nikeli ndani yake. Kwa wengine tofauti yake katika miaka ya kudumu bado si ya kuuzia shamba. Usafi wa upasuaji unaweza kuwa na maana zaidi: vipande vya saruji na mfupa vikioshwa vyote kabla ya kufunga kidonda, havitabaki kuwa mchanga kati ya chuma na plastiki.

Kabla ya goti kuuzwa hupitishwa kwenye mashine ya kulitembeza. Kiwango cha kimataifa, ISO 14243, hulitaka litembezwe hatua milioni 5, takriban hatua moja kila sekunde, likibeba kilele cha newtoni 2,600, sawa na uzito wa kilo 265, huku likiogeshwa kwa majimaji ya damu ya ndama yaliyozimuliwa ili yafanane na ute wa kiungo. Plastiki hupimwa uzito kila baada ya hatua kadhaa, na kipande kingine kilicholowekwa bila kutembezwa hupimwa pembeni ili kujua ni uzito gani uliotokana na kunywa majimaji. Wahandisi huhesabu hatua milioni moja kuwa kama mwaka mmoja wa mgonjwa wa kawaida, ingawa anayetembea kwa miguu kwenda shamba na sokoni huzipita kwa urahisi. Jambo la kuangalia ni kwamba mashine hiyo hutembea tu. Haichutami, haishuki Pugu, haibebi ndoo, na goti ndani yake limewekwa sawasawa kabisa. Mhandisi wa Kitanzania anayetafuta somo la utafiti lenye manufaa hana haja ya kubuni goti jipya. Kupima mienendo ya magoti ya watu wa Pwani wakiwa kazini na kuiingiza kwenye jaribio la mashine kungewasaidia wengi zaidi.

Kuwekwa sawasawa ni kazi ya mikono ya daktari, na hakuna plastiki inayoweza kufidia mkono mbaya. Mguu ukiachwa umepinda kuelekea nje kama upinde, upande wa ndani wa plastiki hubeba karibu mzigo wote. Kano zikiachwa upande mmoja zimekaza na mwingine zimelegea, chuma hunyanyuka na kutua kwa kishindo kila hatua. Swali muhimu kuliko jina la kampuni ni daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi na timu yake hufanya mingapi kwa mwaka. Linaulizwa kwa adabu, na daktari mzuri hulijibu bila kukasirika.

Ushahidi wa kudumu hutoka kwenye rejista. Uswidi ndiyo iliyoanza, mwaka 1975, kuandika kila goti linalowekwa na kila linalotolewa nchini humo. Ni mojawapo ya nchi za Nordiki zilizojenga kituo cha elimu cha Kibaha miaka ya 1960 kabla ya kukikabidhi mwaka 1970, na Tumbi ilianza kama kituo cha afya cha mradi huohuo. Rejista za namna hiyo ziliwezesha makadirio yaliyochapishwa 2019, kwamba magoti mazima kama 82 kati ya 100 huwa bado yamo baada ya miaka 25. Malawi ilijitengenezea rejista yake mapema, ikionyesha kwamba nchi maskini inaweza. Takwimu hizi pia hurekebisha hofu. Uchunguzi wa kituo kimoja cha Philadelphia uliotolewa 2002 ulikuta kulika kwa plastiki kunachangia robo ya magoti yaliyofanyiwa upasuaji wa marudio; wa kituo hichohicho uliotolewa 2014 ulikuta asilimia 3.5 tu. Leo maambukizi na kulegea ndivyo vinavyoongoza. Kidonda mguuni, jino bovu na sukari isiyodhibitiwa vitibiwe kabla ya upasuaji, na baada yake homa yenye goti lililovimba ipelekwe hospitali siku hiyohiyo badala ya kukandwa nyumbani.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, basi, yafaa mgonjwa au mwanawe aulize machache: goti ni la aina gani na limetumika miaka mingapi mahali palipo na rejista; plastiki itakuwa na unene gani; tarehe ya kwisha muda ni lini; na kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Goti jipya kabisa lisilo na historia lisipokelewe kwa sababu tu ni jipya. Baada ya upasuaji viombwe vibandiko vya maboksi, vyenye jina la kiwanda, ukubwa na namba ya toleo. Kimoja kibaki kwenye jalada, kingine kikae nyumbani pamoja na vyeti vya familia, na picha yake itunzwe kwenye simu za watoto wawili.

Eksirei ya kwanza ya kusimama ichukuliwe goti likishapona, nyingine baada ya mwaka, kisha kila baada ya miaka michache hata kama hakuna maumivu, kwa kuwa mfupa unaoliwa haupigi kelele. Picha za zamani zisitupwe. Daktari huona mabadiliko kwa kulinganisha. Nafasi kati ya vyuma ikionekana imepungua upande mmoja huku sahani bado imeshika mfupa, na mguu haukupinda, inawezekana kubadilisha plastiki peke yake kwa upasuaji mdogo, ikiwa kiwanda bado kinatengeneza kipande cha ukubwa huo. Kibandiko kilichotunzwa ndicho kitakachomwambia daktari aagize nini. Mfupa ukiwa umeshaliwa, vyuma vyote hutolewa na kuwekwa vingine vyenye mashina marefu yanayoingia ndani ya uvungu wa mfupa, upasuaji mrefu, wa gharama kubwa zaidi, na unaofanywa na madaktari wachache zaidi.